Kopo la Maziwa ya Unga Namba Moja: Unga Mzuri, Kijiko Kizuri, Jedwali la Kusomwa kwa Tahadhari

Anayenunua kopo la maziwa ya unga namba moja, yale ya mtoto tangu kuzaliwa hadi miezi 6, hununua vitu vitatu kwa mpigo: unga wenyewe, kijiko cha kupimia kilichofukiwa ndani yake, na jedwali lililochapwa ubavuni mwa kopo lenye umri, uzito, maji, vijiko na idadi ya milo kwa siku. Tathmini hii inavipima vyote vitatu kwa swali moja tu ambalo kila mlezi hujiuliza chupa ya kwanza ikiwa mkononi: nimpe kiasi gani?

Hukumu yetu itangulie. Unga ni mzuri karibu katika kila kopo linalotengenezwa kwa kufuata kanuni za kimataifa. Kiwango cha Codex Alimentarius (mkusanyiko wa kanuni za kimataifa za chakula) namba 72, kilichowekwa mwaka 1981 na kufanyiwa marekebisho mara kadhaa, kinataka maziwa yaliyokwisha kuchanganywa yawe na kilokalori 60 hadi 70 katika kila ml 100, na kimeweka kima cha chini cha protini, mafuta, vitamini na madini, pamoja na ukomo wa juu kwa vingi kati ya hivyo. Ndiyo maana kopo la bei kubwa na la bei ndogo hutofautiana kidogo sana kuliko matangazo yanavyotaka tuamini. Kijiko nacho ni kizuri, mradi kitumike kama kilivyokusudiwa. Jedwali ndiyo sehemu dhaifu, na kwa bahati mbaya ndilo linaloaminiwa kuliko vyote.

Walezi wengi hulegeza pale panapotakiwa ukali na hukaza pale panapotakiwa ulegevu. Vijiko huvikadiria kwa jicho, lakini zile ml za kwenye jedwali humlazimisha mtoto azimalize hadi tone la mwisho. Inatakiwa iwe kinyume chake: mchanganyiko uwe sahihi kabisa kila chupa, na kiasi anachokunywa mtoto kiwe huru ndani ya mipaka inayojulikana.

Jedwali: alama 2 kati ya 5

Jedwali la kopo huandikwa kwa mtoto wa wastani. Mstari mmoja unaweza kusomeka hivi: wiki 4 hadi 8, maji ml 150, vijiko 5, milo 5 kwa siku. Jumla ni ml 750. Hesabu hiyo inamfaa mtoto wa kilo 5. Sasa mpe mtoto wa wiki 6 mwenye kilo 3.6, ambaye ni mzima kabisa ila alizaliwa mdogo. Kwake ml 750 ni zaidi ya ml 200 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Mlezi anayefuata mstari wa umri atamjaza kupita kiasi, mtoto atacheua kila baada ya mlo, na lawama zitaangukia maziwa kwamba "hayamkubali."

Mtoto mkubwa naye hukumbana na shida ya upande wa pili. Ana wiki 3 na kilo 5, na mstari wa umri wake unasema ml 120 mara 5, yaani ml 600. Anahitaji takriban ml 750. Atalia, atanyonya vidole, ataamka kila saa, na nyumbani itasemwa kwamba maziwa haya ni mepesi, tubadilishe kopo. Kopo halina kosa. Kosa ni kusoma safu ya umri badala ya safu ya uzito. Umri na uzito vikitofautiana katika jedwali, fuata uzito. Na kama kopo lako halina safu ya uzito kabisa, lipunguzie alama nyingine moja, kisha piga hesabu mwenyewe.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mtoto aliyetimia siku, mwenye kilo 2.5 au zaidi, ambaye amevuka wiki ya kwanza, huhitaji takriban ml 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa 24. Kiwango hiki hutumiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), na hakikutoka hewani. Mtoto mchanga huhitaji karibu kilokalori 100 kwa kilo kwa siku, na maziwa ya kopo yana takriban kilokalori 67 katika ml 100, kwa hiyo ml 150 zinampa hizo 100. Watoto wazima hutofautiana, na wapo wanaokwenda hadi ml 200 kwa kilo na bado wako sawa. Zidisha uzito kwa 150, gawa kwa idadi ya milo, basi.

Mtoto wa kilo 3.6: 3.6 mara 150 ni 540. Akinyonya mara 7, kila mlo ni kama ml 77. Hakuna vijiko vinavyotoa ml 77 kamili, na wala havihitajiki. Changanya ml 90 kwa vijiko 3, mwache anywe anachotaka, kinachobaki mwaga. Watu huona uchungu kumwaga maziwa yaliyonunuliwa kwa fedha, na uchungu huo unaeleweka, lakini ml 13 zilizomwagwa ni hasara ndogo kuliko tumbo lililojazwa kwa nguvu mara 7 kwa siku.

Kwa asiyependa hesabu, ipo ngazi ya WHO ambayo ni rahisi kukumbuka kuliko majedwali mengi ya makopo. Mwezi wa kwanza ml 60 mara 8. Mwezi wa pili ml 90 mara 7. Kuanzia miezi 2 hadi 4, ml 120 mara 6. Kuanzia miezi 4 hadi 6, ml 150 mara 6. Jumla zake kwa siku ni ml 480, 630, 720 na 900. Hiyo nayo ni ya mtoto wa wastani, kwa hiyo mtoto mkubwa ataivuka na mdogo ataibakiza, lakini inapanda taratibu na haimrukishi mtoto mchanga kwenye chupa kubwa.

Wiki ya kwanza inastahili maelezo yake, maana hapo ndipo majedwali mengi hukosea zaidi. Mengi huanza na chupa ya ml 90 "tangu kuzaliwa." Tumbo la siku ya kwanza haliwezi hizo. Wodi nyingi za watoto wachanga huanza na takriban ml 60 kwa kilo kwa siku nzima, halafu hupandisha kila siku hadi kufikia ml 150 kwa kilo kuelekea mwisho wa wiki. Kwa mtoto wa kilo 3, siku ya kwanza ni ml 180 zikigawanywa mara 8, yaani ml 20 na ushei kwa mlo. Mtoto wa siku moja anayekunywa ml 20 na kulala hajakataa maziwa, ameshiba. Kufikia siku ya nne au ya tano wengi huwa wanachukua ml 45 hadi 60 kila baada ya saa 2 hadi 3. Katika siku hizo za mwanzo uzito hushuka kidogo hata kwa mtoto anayelishwa vizuri, na hutarajiwa kurudi pale alipozaliwa ndani ya wiki 2.

Juu napo kuna dari. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani huweka kikomo cha kawaida karibu ml 960 kwa siku. Ukizidisha 150 kwa mtoto wa kilo 7 utapata 1,050, na hapo kanuni ya uzito imeanza kupitiliza. Usiifukuze namba hiyo. Mtoto wa miezi 5 anayekunywa ml 850 na kuongezeka uzito vizuri hana upungufu wowote. Anayeonekana kutaka zaidi ya lita moja kila siku, apelekwe akapimwe uzito na ukuaji kabla ya kuongezewa chupa.

Jedwali halimhusu kabisa mtoto njiti, mtoto aliye chini ya kilo 2.5, wala mwenye ugonjwa wa moyo au figo. Hao wana mpango wao wa hospitali, mara nyingi wa milo midogo 8 hadi 12 kwa siku, na huenda wakatakiwa maziwa ya aina nyingine. Kadhalika halimhusu mtoto anayenyonyeshwa na kuongezewa kopo. Jedwali linadhani kopo ni chakula chake chote. Huyu hutangulizwa titi kwanza, pande zote mbili, ndipo apewe ml 30 hadi 60 kama bado anaonyesha njaa. Akipewa chupa nzima ya jedwali juu ya titi, titi litanyonywa kidogo na maziwa ya mama yatapungua, kwa kuwa mwili hutengeneza kwa kadiri unavyonyonywa. WHO inapendekeza maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, na makopo yenyewe hutakiwa kuandika kuwa maziwa ya mama ndiyo bora. Maandishi hayo yapo, ila kwa herufi ndogo mno kulinganisha na jina la kampuni.

Jambo ambalo hakuna jedwali lililowahi kutuonyesha vizuri ni ishara za mtoto, na bila hizo ml ni namba tupu. Njaa huanza kimya: anageuza kichwa akitafuta, anafungua mdomo, anapeleka ngumi mdomoni, anaramba midomo. Kilio huja mwisho, na mtoto anayelia sana hunyonya vibaya na kumeza hewa. Shibe nayo ina lugha yake: ananyonya taratibu zaidi, anaachia chuchu, anafunga midomo, anageuza uso, ngumi zinafunguka na mikono inalegea. Hapo chupa iondoke, hata kama zimebaki ml 40. Mlo mmoja anaweza kunywa ml 60 na unaofuata ml 130. Jumlisha ya saa 24, usihukumu kwa chupa moja. Karibu na wiki ya 3, ya 6 na mwezi wa 3 watoto wengi hutaka zaidi kwa siku chache, halafu hutulia.

Kijiko: alama 4 kati ya 5

Hapa ndipo ukali unapotakiwa. Makopo mengi hutumia kijiko 1 kwa maji ml 30, lakini yapo ya kijiko 1 kwa ml 50 na ya kijiko 1 kwa ml 60. Kwa macho vinafanana. Ukichukua kijiko cha ml 30 kutoka kopo la zamani na kukitumia kwenye kopo jipya linalotaka kijiko 1 kwa ml 60, mtoto atakunywa maziwa yenye nusu ya nguvu, tumbo limejaa na mwili una njaa. Kwa hiyo kijiko cha zamani kitupwe siku kopo linapoisha, na uwiano usomwe upya kwenye kila kopo, hata la jina lilelile, maana watengenezaji hubadilisha.

Kijiko hujazwa bila kushindiliwa, kisha husawazishwa kwa ukingo uliomo ndani ya kopo au kwa mgongo wa kisu safi kilichokauka. Kopo lenye ukingo wa kusawazishia lina faida halisi, na hiyo ni moja ya sababu chache za kweli za kuchagua kopo moja na kuacha jingine. Kugongesha kijiko ukutani mwa kopo kunashindilia unga. Kilima juu ya kijiko ni unga wa ziada. Nusu kijiko haipimiki kwa uhakika, usiitumie.

Mwenye mizani ya jikoni ya gramu anaweza kujikagua kwa dakika mbili. Kopo huandika uzito wa kijiko kimoja, kwa kawaida kati ya gramu 4 na 5 kwa kijiko cha ml 30. Tuseme ni 4.5. Pima vijiko 10 kwenye bakuli safi na kavu: viwe kama gramu 45. Vikifika 52, mkono wako unashindilia. Chupa nayo ipimwe hivyohivyo. Iweke juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, tia maji hadi mstari wa 100. Gramu zikaribiane na 100, kwa sababu ml 1 ya maji ni gramu 1. Chupa ambayo mistari yake imehama au imefutika haifai kuchanganyia, hata kama ni nzuri ya kunyonyeshea.

Kosa la kawaida kuliko yote ni mpangilio. Maji hutangulia, unga hufuata. Anayeanza na vijiko 5 vya unga kisha akajaza maji hadi mstari wa 150 ametia maji kama ml 135 tu, kwa kuwa unga wenyewe umechukua nafasi. Maji yamepungua kwa sehemu moja ya kumi, na yatapungua hivyo kila chupa, kila siku. Ukifuata mpangilio sahihi, maziwa yataishia juu kidogo ya mstari wa 150, karibu 165, na hilo si kosa. Kumbuka pia kwamba ml za jedwali ni za maji, wakati hesabu ya 150 kwa kilo ni ya maziwa yaliyochanganywa. Tofauti hiyo ndogo isikusumbue, lakini ukiandika anachokunywa mtoto, andika kilichoondoka kwenye chupa.

Kwa nini tunasisitiza hivi? Figo za mtoto mchanga bado haziwezi kutoa chumvi nyingi kwa maji machache. Maziwa mazito humpa chumvi na protini kupita anachoweza kukisafisha: anapata kiu, analia, anapewa chupa nyingine nzito kutuliza kilio, choo kinakuwa kigumu, mkojo unapungua, na hali ikizidi chumvi hupanda kwenye damu hadi kuleta degedege. Maziwa mepesi yana hatari yake. Mtoto haongezeki uzito, na maji yakizidi sana chumvi ya damu hushuka, na hilo nalo huleta degedege. Kopo linapokaribia kuisha na fedha haipo, maziwa huongezwa maji ili yafike mbali. Hapana. Bora kwenda kliniki kueleza hali ilivyo kuliko kumpunguzia mtoto nguvu ya chakula chake pekee.

Hakuna kinachoongezwa kwenye chupa. Unga wa nafaka hubadilisha uzito wa maziwa na unaweza kumkaba. Sukari haina kazi. Asali hairuhusiwi kabisa kabla ya miezi 12, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vya Clostridium botulinum vinavyotoa sumu tumboni mwa mtoto mchanga.

Unga wenyewe: alama 4 kati ya 5

Unga wa kopo si chakula kilichouliwa vijidudu vyote. Hata kopo ambalo halijafunguliwa linaweza kuwa na bakteria, hasa Cronobacter sakazakii na mara chache Salmonella. Ndiyo sababu mwongozo wa WHO na FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) wa mwaka 2007 unataka maji ya kuchanganyia yasipungue nyuzijoto 70. Kwa vitendo: chemsha lita 1 ya maji mapya, yaache yapoe kwa muda usiozidi dakika 30, ndipo uchanganye. Ukichemsha maji kidogo yatapoa upesi zaidi, kwa hiyo usingoje nusu saa. Makopo mengi huelekeza maji yaliyochemshwa na kupoa hadi vuguvugu, hasa yale yaliyotiwa bakteria wa kusaidia tumbo, kwa sababu moto huwaua nao. Alama tuliyokata hapa ni ya maelekezo hayo. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, njiti, au mwenye kinga dhaifu, tunachagua unga unaokubali maji ya nyuzi 70 au maziwa ya maji yaliyokwisha kutayarishwa kiwandani, ambayo ndiyo pekee yasiyo na vijidudu.

Kabla ya hapo chupa, chuchu na vifuniko vioshwe kwa maji ya moto na sabuni, visuguliwe kwa brashi, kisha vichemshwe vikiwa vimezama kabisa, bila hewa kubaki ndani, kwa dakika 10. Mikono ioshwe. Tia maji ya moto, tia vijiko, funga, zungusha chupa taratibu hadi mabonge yaishe. Kuitikisa kwa nguvu huzalisha povu, na povu ni hewa tumboni. Poza kwa kuisimamisha chupa kwenye bakuli la maji baridi, maji yasifike kwenye chuchu. Dondosha tone kwenye kifundo cha mkono: liwe vuguvugu. Maikrowevu isitumike kupasha, kwa sababu huacha sehemu za moto mkali katikati ya maziwa yanayoonekana kuwa sawa.

Maziwa yaliyochanganywa yatumike ndani ya saa 2. Yaliyokwisha kunyonywa yana mate, basi yanayobaki humwagwa mlo unapoisha. Ya kutangulizwa hupozwa upesi na kuwekwa ndani kabisa ya friji, nyuzi zisizozidi 5, kwa muda usiozidi saa 24. Kwa usiku njia nzuri ni maji ya moto yaliyochemshwa karibuni kwenye chupa ya chai safi inayotunza moto, na unga uliokwisha kupimwa kwenye kikopo kikavu. Usichanganye ukaweka maziwa kwenye hicho cha kutunza moto. Joto la wastani ndilo bakteria wanalolipenda.

Ukubwa wa kopo nao una hesabu. Kopo la gramu 900 lenye kijiko cha gramu 4.5 lina vijiko 200, sawa na maziwa ya lita 6.6 hivi. Mtoto wa kilo 3 anayekunywa ml 450 atalimaliza kwa wiki 2, wa kilo 4 kwa siku 11, wa kilo 6 kwa wiki moja tu. Kopo la gramu 400 kwa huyo wa mwisho ni siku 3. Kopo lililofunguliwa kwa kawaida hutakiwa liishe ndani ya wiki 4, likae pakavu, nje ya friji. Kwa hiyo anayemwongezea mtoto ml 150 tu kwa siku juu ya titi asinunue kopo kubwa: lingemchukua zaidi ya siku 40. Na kama kopo la mtoto wa kilo 6 anayetegemea kopo pekee linakaa wiki 2 badala ya moja, ama hanywi vya kutosha, ama vijiko havijai. Hiki ni kipimo kizuri ambacho hakuna lebo inayokitaja.

Aina nyingine za makopo hazihitaji maneno mengi. Namba mbili, ya baada ya miezi 6, si ya lazima. Mkutano wa Afya Duniani ulisema hivyo mwaka 1986, na namba moja inaweza kuendelea hadi mwaka. Maziwa ya "mtoto mwenye njaa" hayana kalori za ziada za maana, yana protini inayochelewa kusagika, na hayajathibitika kumlaza mtoto zaidi. Maziwa ya mbuzi hayamsaidii mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe, kwa kuwa protini zake zinafanana mno. Ya soya na ya kuzuia kucheua yanunuliwe kwa ushauri wa daktari tu.

Kiasi sahihi, chupa mbaya

Chuchu yenye tundu kubwa inaweza kuharibu hesabu nzuri. Mtoto akimaliza ml 120 kwa dakika 5, shibe haijapata muda wa kufika na atalilia nyingine. Pindua chupa: maziwa yadondoke tone kwa tone, yasitiririke. Mshike akiwa ameinuka kidogo, laza chupa iwe karibu sambamba na sakafu kiasi cha maziwa kujaa kwenye chuchu tu, mpumzishe mara mbili tatu na kumbeulisha. Dakika 15 hadi 20 ni mwendo mzuri. Chupa isiegemezwe kwenye mto na mtoto akaachwa peke yake. Hapo anaweza kukabwa, na maziwa hayana njia ya kusimama anaposhiba.

Anayezidishiwa hucheua mwingi, tumbo hukaza, huhara choo laini, hujinyonganyonga na kulia, na kilio hicho hufasiriwa kuwa njaa. Ukiona mtoto anaongezeka zaidi ya gramu 300 kwa wiki na kucheua kila mlo, jaribu chuchu ya taratibu kabla ya kubadilisha maziwa. Anayepungukiwa hulala mno, nepi zake hukaa kavu, na uzito husimama. Kuanzia siku ya tano tarajia nepi 6 au zaidi zilizolowa kwa saa 24, mkojo ukiwa mweupe au wa njano hafifu. Katika miezi 3 ya mwanzo tarajia ongezeko la gramu 150 hadi 200 kwa wiki.

Usisubiri wala usibadilishe kopo, nenda hospitali, mtoto wa chini ya miezi 3 akiwa na joto la nyuzi 38 au zaidi, akikataa milo miwili mitatu mfululizo, akilegea au kuwa mgumu kuamka, utosi ukibonyea, nepi ikikaa kavu kwa saa 6 hadi 8, akitapika kwa kuruka au matapishi ya kijani, au damu ikionekana kwenye choo.

Kopo jipya likifunguliwa, chukua kalamu ya wino usiofutika, andika mambo matatu juu ya mfuniko: tarehe ya leo, uwiano wa kijiko na maji, na uzito wa mtoto wa karibuni ukizidishwa kwa 150. Namba hiyo ya tatu ibadilishwe kila anapopimwa.